Chupa Moja kwa Wagonjwa Wawili

Kaka yangu alidhani ni mwiba. Alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule moja ya upili upande wa Nyatike, kabla hujafika Sori, na nyumbani kwake hakuwahi kuvaa viatu. Akitoka shuleni alivua soksi hata kabla ya kumsalimu mkewe. Kwa hiyo doa jeusi lilipotokea kwenye wayo wake wa kushoto, karibu na kisigino, alilikwangua kwa wembe, akapaka mafuta, akaendelea na maisha. Liliporudi likiwa kubwa zaidi akalikwangua tena. Wifi yangu ndiye aliyeona damu kwenye soksi wakati wa kufua, na ndiye aliyempeleka hospitali Homa Bay, naye kaka akinung'unika njia nzima kwamba amepotezewa siku ya kusahihisha mitihani.

Ilikuwa saratani ya ngozi, ile ambayo sisi watu weusi hutupata mahali tusipotazama: chini ya mguu, kiganjani, ndani ya kucha. Walimkata kipande cha kisigino wakamrudisha nyumbani na magongo. Alijifunza kutembea upya, akarudi darasani, na kwa karibu mwaka mzima tukadhani yamekwisha. Kisha tezi za kinena upande uleule zikavimba, na skani ikaonyesha madoa madogo kwenye mapafu.

Mimi ni kitinda mimba. Nafundisha hisabati chuo kikuu, mbali na nyumbani, na kazi yangu kwa miaka kadhaa imekuwa jambo ambalo katika familia yetu ni yeye peke yake aliyelielewa. Kuna dawa za saratani ambazo hazishambulii uvimbe zenyewe. Zinakwenda kwenye chembe za kinga ya mwili na kuondoa breki ambayo saratani imezifungia, ili kinga ifanye kazi yake. Dawa hizi zilipoanza kutolewa, dozi zake ziliwekwa kwa mkono mkunjufu, kama mtu anayepikia wageni asiojua idadi yao. Mimi na wenzangu tunaandika milinganyo inayoifuata dawa ndani ya mwili: inaingia kiasi gani, inapungua kwa kasi gani, na ni kiwango gani cha chini kinachotosha kuzishika chembe zote zinazopaswa kushikwa. Tukipata jibu zuri, mtu anaweza kupewa dawa kidogo, au kwa nafasi ndefu zaidi, bila kupoteza faida yake.

Mama yetu, alipokuwa hai, aliwaambia watu kanisani kwamba mimi ni mfamasia, nami baada ya muda nikaacha kumsahihisha. Kaka hakukubali kuishia hapo. Kila nikirudi nyumbani alitaka kuona mlinganyo wenyewe. Aliusoma polepole, akaniuliza kila herufi inasimamia nini, na kama kuna moja niliyoiweka kwa mazoea tu bila kufikiri aliijua, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuzitumia.

Daktari aliyemtibu Homa Bay alikuwa kijana wa Kikuria, mpole, mwenye tabia ya kunyamaza kidogo kabla ya kujibu hata ukimuuliza choo kiko wapi. Alimweleza kaka kwamba ipo dawa ya kinga inayoweza kumsaidia, na akamweleza pia kwamba dozi kamili iliyoandikwa vitabuni ilikuwa nje ya uwezo wetu na wa karibu kila mtu aliyepita mlango ule. Lakini kulikuwa na hospitali, katika nchi zenye hali kama yetu, zilizokuwa zikijaribu sehemu ndogo tu ya dozi hiyo, na baadhi ya wagonjwa walikuwa wakipata nafuu. Yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama angethubutu. Kaka akamwambia, nadhani kwa fahari, kwamba hesabu za namna hiyo ndizo kazi ya dada yake mdogo. Nikapigiwa simu nikiwa katikati ya kikao, nikatoka nje, na niliposikia swali lenyewe nikakaa chini kwenye ngazi.

Nilisafiri. Tulikaa kwenye benchi nje ya kliniki, mahali ambapo unaliona ziwa kati ya paa mbili za mabati, na nikamweleza kaka kwa Kijaluo kile ambacho siku zote nilikieleza kwa Kiingereza kwa watu wasiokihitaji. Nilimwambia kwamba chembe za kinga zina milango ambayo dawa inapaswa kuifunga, na milango hiyo si mingi kama watu walivyodhani. Ikishafungwa yote, dawa inayobaki inazunguka tu kwenye damu.

"Kwa hiyo kuzidisha ni kumwaga maji kwenye mtungi uliojaa," akasema.

"Karibu hivyo. Ila mtungi wenyewe unavuja."

"Unavuja kwa kasi gani?"

"Inategemea mwili wa mtu."

"Na wangu?"

Nikamwambia kwamba sijui bado. Nikamwambia pia kwamba modeli yangu inazungumza juu ya watu wengi kwa pamoja, na juu ya mtu mmoja inabahatisha, na kwamba habari tulizo nazo kuhusu dozi ndogo ni chache sana zikilinganishwa na zile za dozi kubwa. Nilitaka asikie yote. Alikuwa akinitazama kama alivyozoea kuwatazama wanafunzi wanaoogopa kuandika jibu la mwisho.

"Ni kama utabiri wa mvua," akasema.

"Ni afadhali kidogo kuliko huo."

"Basi tupande."

Daktari alishauriana na waliomtangulia katika kazi hiyo, na baada ya majuma kadhaa wakakubaliana. Likabaki tatizo moja ambalo halikuwa la hisabati. Dawa inakuja kwenye chupa ndogo, na chupa ikishafunguliwa inapaswa kutumika siku hiyohiyo. Dozi ya kaka ilikuwa nusu ya chupa. Ilibidi apatikane mgonjwa mwingine mwenye kuhitaji dawa hiyohiyo, ambaye angekuja siku ileile na saa ileile kila mara, ili nusu ya pili isimwagwe.

Akapatikana mama mmoja mwenye duka la vitambaa Migori mjini. Alikuwa mtu wa Pwani, Mwislamu, aliyekuja huku kama bibi harusi wa mfanyabiashara na kubaki baada ya kuwa mjane, na saratani yake ilianzia kwenye figo ikapanda mapafuni. Kaka na yeye hawakuwa na kitu kimoja cha kufanana isipokuwa dawa. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya barabara, na alikuja kliniki na chupa ya chai ya iliki ambayo alimnywesha kila mtu, wauguzi na wagonjwa, kabla hata ya kupimwa presha. Kaka alikuja na karanga za kukaanga kwenye mfuko wa karatasi. Wakawekewa dripu zao kwenye viti viwili vilivyokaribiana, na kwa muda ule dawa ilipokuwa ikidondoka walibishana: kama wali ni chakula au ni kitafunio, kama watoto wa siku hizi ni wajinga au wanajifanya, kama Mungu anapenda watu wanaochelewa. Yeye ndiye aliyeanza kumwita kaka "mwenzangu wa chupa". Kaka, ambaye hakuwahi kuonja pombe maishani, alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia sindano.

Nilikwenda nao mara kadhaa. Nakumbuka siku moja mama huyo alinivuta pembeni akaniuliza kama ni kweli mimi ndiye niliyepiga hesabu. Nilianza kumweleza kwamba ni kazi ya watu wengi na uamuzi ni wa daktari. Akanikata.

"Mwanangu, sikuulizi ili nikulaumu. Nakuuliza nijue nani wa kumwombea dua."

Ilifanya kazi. Lazima niliseme hilo, kwa sababu baada ya yote yaliyofuata ni rahisi kulisahau. Uvimbe wa kinena wa kaka ulipungua mpaka hakuweza kuushika kwa vidole. Skani ya kwanza ilionyesha madoa ya mapafu yamefifia, mengine hayakuonekana kabisa. Daktari alinyamaza kama kawaida yake, na safari hii kaka akanyamaza naye, wakatazamana wakitabasamu. Alirudi kufundisha nusu siku. Alinipigia simu kuniambia kidato cha pili wameelewa vekta, kwa sauti ya mtu anayetangaza ushindi wa uchaguzi. Wifi alinunua vifaranga vya kuku, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ugonjwa uanze, na aliponionyesha kile kibanda kipya nilielewa anachoniambia.

Mimi nilikuwa ninarekodi kila kitu. Daktari alikuwa akinitumia vipimo vya wote wawili kwa ruhusa yao, uzito wao na majibu ya damu, nami nikivilinganisha na kile modeli ilichotabiri. Kwa mama wa duka, utabiri ulikuwa ukimfuata kama kivuli. Kwa kaka pia, mwanzoni.

Kisha akaanza kukonda. Halikuwa jambo la kumshtua mtu. Mkanda uliongezwa tundu, na kola ya shati ikawa na nafasi. Wifi alisema ni kwa sababu amerudi kazini na anasahau kula mchana, na kaka akakubaliana naye haraka mno. Lakini kwenye majibu ya damu kulikuwa na protini moja inayotengenezwa na ini, ambayo kwa mtu mwenye afya hukaa palepale mwezi hadi mwezi. Yake ilikuwa ikishuka. Ilishuka kidogo, ikashuka tena. Watu wa kazi yangu wanaijua ishara hiyo. Mwili ulioanza kujila unavunja protini zake, na dawa hii nayo ni protini, kwa hiyo nayo inavunjwa pamoja na nyama ya mtu. Dawa inamtoka haraka kuliko wengine. Na hali hiyo kwa kawaida haimaanishi kwamba dozi imekuwa ndogo. Inamaanisha kwamba ugonjwa umeanza kushinda.

Niliyaona hayo asubuhi moja ofisini, kabla ya mhadhara. Nilienda kufundisha. Sijui nilifundisha nini.

Nilimpigia daktari siku hiyohiyo. Hakuwa amesubiri simu yangu. Alikuwa ameshaagiza skani nyingine. Ikaonyesha madoa mapya kwenye ini. Tulizungumza kama ingefaa kumwongezea dozi, na daktari aliuliza swali hilo kwa dhati, akiwa tayari kuhangaika kuitafuta dawa popote. Nikamwambia kile nilichokiamini kutokana na kazi yetu na ya wengine: wagonjwa wanaokonda namna hii, wakiongezewa dawa, kiwango kwenye damu kinapanda lakini ugonjwa hauonekani kujali. Aliwauliza pia wakubwa wake, wakamwambia vivyo hivyo. Kulikuwa na dawa za aina nyingine za kujaribu, nazo zikajaribiwa, na zilimtesa bila kumsaidia. Dawa ya chupa ikasimamishwa.

Kaka alipokea habari akiwa amekaa wima, magongo yamelazwa miguuni pake, kwa sababu mguu ulikuwa umeanza kuvimba tena. Alimshukuru daktari. Alimuuliza habari za mtoto wake mchanga. Tulipofika nje, wifi alikwenda kutafuta maji ya kunywa na hakurudi kwa muda mrefu, nasi tukajua analia mahali fulani na tukamwacha. Nilidhani kaka ataniuliza amebakiwa na muda gani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo.

"Na mama atafanyaje?" akaniuliza.

Sikumwelewa mara moja.

"Mama wa Migori. Mimi nikitoka, nusu yangu inamwagwa. Hataweza chupa nzima kila mara, na hapa hakuna mwingine wa dawa hii. Nimemuuliza muuguzi."

Alikuwa amekwisha kumuuliza muuguzi. Sijui lini. Labda alikuwa ameanza kulifikiria hilo tangu tundu la kwanza la mkanda.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nyumbani kwao. Wifi na jirani zake walikuwa wametoka kanisani na walikuwa wakichambua mboga upande wa jikoni. Kaka aliwekewa mto kwenye kiti cha baraza, akaomba chaki, akaniambia nichuchumae nimwandikie kwenye sakafu ya saruji kwa sababu kompyuta inamchosha macho. Swali lilikuwa rahisi kulitamka: mama akipewa chupa nzima kwa mara moja, kisha akae muda mara mbili ya ule wa kawaida kabla ya kurudi, je, siku ya mwisho kabla ya dozi mpya atakuwa bado na dawa ya kutosha kufunga ile milango yote?

Wastani wa dawa mwilini ungekuwa uleule. Lakini bonde la kabla ya dozi mpya lingekuwa na kina zaidi, na mtu hauawi na wastani. Nilianza kuandika. Aliniambia nirudie mstari wa tatu, si kwa sababu nilikosea bali kwa sababu niliruka hatua, na yeye hakuwahi kumpa alama mwanafunzi aliyeruka hatua. Nikairudia. Tulikuta kwamba kwa mwili kama wa mama, mzito, wenye protini iliyotulia, dawa ingefika mwisho wa muda huo ikiwa imepungua sana lakini ikiwa bado juu ya kiwango, na juu yake kwa nafasi nzuri.

"Na mwili wake ukibadilika?" akauliza. "Ukiwa kama wangu?"

Nilikuwa nimeinamia sakafu, chaki mkononi. Nilimwambia kwamba hapo jibu lingekuwa tofauti, na kwamba lazima apimwe uzito na damu kila anapokuja, na kikishuka chochote tubadilishe.

"Mwandikie hivyo daktari," akasema. "Kwa maneno, si kwa herufi."

Kisha akafumba macho, nikadhani amelala. Baadaye akasema, bila kuyafumbua, kwamba angependa kuona ule mstari wake pia. Niliuchora. Nilimchorea jinsi dawa ilivyokuwa ikishuka mwanzoni, na jinsi ilivyoshuka mwishoni. Aliutazama kwa muda. Aliniuliza kama nimeuchora sawasawa au nimeulainisha kwa ajili yake, nikamwambia nimeuchora sawasawa. Akaitikia kwa kichwa. Mkono wake ulikuwa umeshika mkono wa kiti, na niliona ngozi ya kifundo ilivyokuwa nyembamba.

Daktari hakukubali mara moja. Alituma hesabu zetu kwa wakubwa wake, wakauliza maswali, nikajibu, wakauliza tena. Mwishowe wakakubali, lakini mama mwenyewe akakataa. Alikuja Nyatike na pikipiki ya kukodi kutoka barabara kuu, yeye na unene wake na buibui lililojaa vumbi jekundu, akaketi mbele ya kaka na kumwambia kwamba hataki kunufaika na fungu la mgonjwa. Alisema wao walianza pamoja, na kama ni kusubiri atasubiri mpaka mwalimu apate nafuu warudi wote.

Kaka alimsikiliza mpaka mwisho. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kilichonyooka, na sauti ilikuwa imeanza kukatika.

"Mama, mimi sirudi. Hesabu yako tumeifanya mimi na huyu. Usipoitumia, itakuwa tumeifanya bure, na mimi sina nguvu ya kufanya nyingine."

Mama alitazama chini. Wifi alimletea maji. Aliyanywa yote, akasema haya, mwenzangu wa chupa, na akakaa na sisi mpaka jua lilipopoa, bila kubishana na mtu juu ya lolote.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Kaka aliomba apelekwe nyumbani kwa baba, nje ya Homa Bay, ambako alikuwa amejenga nyumba yake ya kwanza akiwa kijana. Nilichukua likizo. Kazi yangu ikawa kumgeuza upande na kumsomea magazeti, na kuwatuliza wageni waliokuja kwa wingi na kukaa mno. Wanafunzi wake wa zamani walikuja wakiwa na ndevu na watoto. Mmoja alimkumbusha kwamba alimchapa kwa kuandika jibu sahihi bila kuonyesha njia; kaka akasema, kwa sauti ambayo ilibidi niinamie mdomo wake ili niisikie, kwamba angemchapa tena. Maumivu yalikuwa makali, na dawa ya maumivu ilikuwepo, nashukuru. Alifariki alasiri moja mvua ikinyesha, wifi akimpaka mafuta miguuni. Alikuwa amefika kwenye ule wayo uliokatwa. Alihisi mguu umebadilika mkononi mwake, akaendelea kuupaka mpaka akamaliza, ndipo akaniita.

Mazishi yalikuwa Ijumaa. Kwaya iliimba, wakuu wa shule walizungumza kuliko walivyopaswa, mahema yalijaa na watu wengine wakasimama kwenye shamba la mahindi. Mama wa Migori alifika jeneza likiwa limeshatolewa nje. Alikuja na magunia ya mchele na sukari kwenye gari la kukodi, akapita katikati ya watu wasiomjua, akaenda moja kwa moja kwa wifi na kupiga magoti. Alipomshika wifi mikono niliona plasta na kipande cha pamba mgongoni mwa mkono wake wa kulia. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yake ya dawa. Alikuwa ametoka kwenye kiti cha kliniki akaja. Wifi aliiona plasta ile pia. Aliigusa kwa kidole gumba, akaipapasa kidogo, na hapo kwa mara ya kwanza tangu alasiri ile ya mvua akalia kwa sauti.

Wageni walipokwisha kuondoka, nilibaki siku chache. Asubuhi moja tulikuwa tumekaa mimi na wifi tukimenya karanga za mbegu, kwa sababu mvua haisubiri matanga, naye akaniuliza bila kuinua macho.

"Niambie ukweli. Angepewa ile dozi kubwa, angekuwa hapa?"

Nilikuwa nimejiuliza swali hilo kwa namna nyingi kiasi kwamba nilishangaa kulisikia likiwa fupi hivyo.

"Kila ninachokijua kinaniambia hapana," nikasema. "Dozi ilitosha. Ilipoanza kumtoka haraka, ugonjwa ulikuwa umeshamzidi, na kuongeza kusingebadilisha kitu. Ndivyo ninavyoamini. Lakini sina kaka wa pili wa kumpa dozi ile nyingine nikaona."

Aliendelea kumenya. Maganda yalikuwa yakiangukia kwenye leso yake.

"Ningependa ungesema ndiyo," akasema baadaye. "Ningepata wa kumkasirikia."

"Nikasirikie mimi."

"Nimeshajaribu. Haikai."

Tulimaliza beseni lile tukaanza jingine.  Naandika haya baada ya muda. Kazini naweza kuendesha modeli mara nyingi nipendavyo, nikibadilisha kiasi na nafasi kati ya dozi, na kila mara mtu wa kwenye kompyuta huanza upya akiwa mzima. Vipimo vya kaka vimo sasa miongoni mwa vya wengine, kwa idhini ya wifi. Vimetusaidia kurekebisha jinsi tunavyokadiria wagonjwa wanaokonda, na wenzangu wanapokijadili kisa hicho kwenye vikao wanakitaja kwa namba, kama inavyotakiwa, nami nakijadili pamoja nao kwa sauti ya kawaida. 

Mama anaendelea vizuri. Skani zake zimetulia na uzito wake haujashuka, jambo ambalo yeye analilalamikia. Baada ya kila dozi hunipigia simu akisharudi dukani kwake Migori. Huniambia alivyopimwa, huniuliza kama nimekula, kisha hakuna anayetaka kukata. Namsikia akimpimia mteja kitambaa, akimwambia rangi hiyo haichuji, akimwita mwingine aliyepita mlangoni. Naendelea kushika simu sikioni mpaka mmoja wetu anaposema haya, kazi njema.